Mafundi mnaohamisha pikapu kutoka otomatiki kwenda manyuali, acheni kupokea kazi msiyoijua!

Wakuu, nimeandika huu uzi nikiwa na hasira na sifichi. Pikapu yangu imetoka gereji mbovu kuliko ilivyoingia, na fundi aliyeifanya hivyo nikimpigia simu ananijibu, "Bosi, hiyo itazoea tu." Chuma hakizoei! Propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma) inayotetemesha gari zima haizoei, inasubiri kukatika.

Giaboksi ya otomatiki ilikufa. Ilianza kwa kuteleza kwenye mlima ikiwa na mzigo: injini inapiga kelele, gari haliendi. Tulipomwaga mafuta yake yalitoka meusi, yananuka kuungua. Nikashauriwa nihamie manyuali, na ushauri huo nausimamia mpaka leo. Gari la mizigo klachi ikiisha unanunua klachi, unaendelea na kazi. Tena pikapu ya aina yangu ilitoka kiwandani kwa namna zote mbili, kwa hiyo kila kifaa kinachotakiwa kipo na kinapatikana kwenye gari la kuchinjwa. Hakuna cha kubuni hapo. Kinachotakiwa ni fundi anayejua nini kinaondoka na nini kinaingia.

Nilimuuliza kabla sijamwachia funguo: umeshawahi kuifanya hii? Akasema, "Hizo tunafanya kila siku, unatoa hii unaweka ile." Hakuingia chini ya gari. Hakupima kitu. Akapokea hela.

Sasa sikilizeni nilichopewa.

Ukikanyaga klachi gari linalia, ukiachia linanyamaza, na gia ya kwanza inaingia kwa kulazimisha. Nikaambiwa klachi ni mpya, inajisugua kwanza. Nikapeleka kwa fundi mwingine, akashusha giaboksi mbele ya macho yangu. Ile beringi ndogo inayokaa kwenye tundu la nyuma ya kranki (shafti kuu ya injini), inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, haikuwepo kabisa! Tundu tupu. Injini ya otomatiki haiihitaji, kwa sababu toki konveta (kifaa cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi ya otomatiki badala ya klachi) inajishika yenyewe, kwa hiyo mara nyingi haiji nayo kutoka kiwandani. Ukiweka manyuali ni lazima uipachike, la sivyo shafti inacheza, pleti ya klachi inaburuta hata ukiwa umekanyaga mpaka chini, na beringi ya mbele ya giaboksi inaanza kufa. Ni kifaa cha kushika kwa vidole viwili. Mtu "anayefanya kila siku" anakisahau vipi?

Na hapo hapo tukakuta flaiwili (gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi inakaa juu yake) imefungwa kwa bolti zilezile zilizokuwa zinashika lile bati jembamba la otomatiki. Flaiwili ni nene na nzito. Bolti zake ni ndefu zaidi, zinakazwa kwa kipimo alichotoa mtengenezaji. Hizi zilikuwa zimeng'ata nyuzi chache tu. Flaiwili ikichomoka injini ikiwa kwenye mwendo inapasua kava ya klachi na inaweza kupita sakafuni ikaingia kwa dereva. Miguu ya mtu ipo pale! Hapa siongelei usumbufu, naongelea watu kufa.

Propela nayo. Giaboksi mbili hizi hazina urefu mmoja. Ya manyuali niliyowekewa ni fupi, kwa hiyo propela ilitakiwa irefushwe na ipimwe mizani kwenye mashine, au itafutwe ya gari la manyuali. Yeye alirudisha ileile. Ile sehemu inayoingia kwenye mkia wa giaboksi imeshika kwa ncha, ndiyo maana gari linatetemeka likichanganya mwendo. Shimo kubwa barabarani, mzigo nyuma, ekseli ikashuka, propela inachomoka.

Kilichonitoa machozi ya hasira ni waya wa starta. Otomatiki haiwaki mpaka mkono wa gia uwe kwenye P (kuegesha) au N (huru). Kuna swichi pale inayozuia. Ukiitoa giaboksi hiyo swichi inaondoka nayo, na kazi yake inatakiwa ihamie kwenye swichi ya pedali ya klachi. Huyu bwana amesokota waya mbili pamoja, akazungushia selotepu, basi. Sasa gari linawaka likiwa kwenye gia yoyote. Kijana wangu aliingia kulipasha moto asubuhi, lilikuwa limeachwa gia ya kwanza, likaruka mbele na kugonga geti. Angekuwepo mtoto mbele ya lile geti je?

Taa za rivasi haziwaki. Pedali ya breki ni ileile pana ya otomatiki, imekaa karibu na ya klachi kiasi kwamba ukivaa kiatu kikubwa unakanyaga zote mbili. Na handibreki kamba yake imelegea, hakuigusa, wakati gari sasa halina P ya kulishikilia kwenye mteremko. Haya nayapitia haraka maana ni ya kurekebisha, lakini yote yanaonyesha mtu aliyekuwa anataka gari litoke tu uwanjani kwake.

Kisha kompyuta. Pikapu za zamani zenye pampu ya dizeli ya kimakanika hazina shida hii, na nadhani ndizo alizozizoea. Hizi za sasa kompyuta ya injini inaongea na ya giaboksi muda wote. Ukiikata ile ya giaboksi, ya injini inaona mwenzake hajibu, inawasha taa ya onyo na inaweza kupunguza nguvu kwa kujihami. Yangu imefanya vyote viwili. Dawa inajulikana: unaweka kompyuta ya gari la manyuali na kuioanisha na funguo, au unampa mtaalamu aiandike upya ile iliyopo. Fundi wangu alichomoa balbu ya taa kwenye dashibodi. Nawaambia ukweli, alichomoa balbu!

Nilipodai vifaa vyangu vya zamani, yaani toki konveta, kompyuta ya giaboksi na leva, nikajibiwa "hivyo ni vyuma chakavu, tulishavitoa." Nani aliwaruhusu? Kifaa kilichotoka kwenye gari langu ni changu hata kama kimeoza. Nakionyesha kwa mwingine, nakiuza, nakitupa mwenyewe.

Sitaki kuambiwa "pole mkuu, mafundi ndivyo walivyo." Fundi wa pili hakuwa hivyo. Aliingia chini na kipimo, akaandika kwenye karatasi kila kitu kinachokosekana, akaniambia wazi kwamba umeme si eneo lake nitafute mtu mwingine. Sekunde chache za kusema "hili sijui" zingeniokoa na haya yote.

Ninachotaka kwa yule wa kwanza nimeshamwandikia: arudishe hela yote ya ufundi, na alipie kurefusha propela na kuipima mizani. Akikataa nampeleka mbele na picha zote ninazo, za bolti na za ule waya wenye selotepu.

Nyie mliohamisha pikapu zenye kompyuta mbili, nisaidieni hapa: mliweka kompyuta ya manyuali pamoja na funguo zake, au mliandika upya ya zamani? Na spidomita ilisoma sawasawa baada ya hapo, au mlilazimika kuhamisha na sensa yake?