Tupeane uzoefu: gharama za kufungua steshenari ya kopi na printi Dodoma

Mzee wa Rimu, Makole

Wadau, mbukwenyi. Swali la "nina milioni tatu, naweza kufungua steshenari?" haliishi, na majibu huwa yale yale: mashine fulani bei fulani. Naomba waliokwisha kufungua waseme hela ilienda wapi, hasa ile ambayo hawakuipangia.

Naanza mimi. Fremu 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akataka ya miezi sita. Hiyo ni 900,000, na dalali naye akataka ya mwezi mmoja. Hapo hata rangi sijapaka. TIN, namba ya mlipa kodi, ni bure, lakini TRA wataomba mkataba wa pango, na mkataba unakuja na ushuru wa stempu asilimia 1 na kodi ya zuio ya asilimia 10. Kwa mkataba wangu ni 99,000. Kisheria zuio unamkata mwenye nyumba. Mwambie hivyo uone kama fremu utapewa. Halafu kuna leseni ya Jiji, zimamoto, taka na bango.

Mashine nilinunua Canon iR 2520 iliyotumika, milioni 1.5 na ushee. Kompyuta ya mezani iliyotumika, printa ya rangi ya wino wa chupa, mashine ya laminesheni, ya kujalidi kwa spiral, kikatio, kaunta na shelfu vikamaliza milioni nyingine na zaidi.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Rimu nanunua 12,000, ina karatasi 500, kwa hiyo karatasi moja ni shilingi 24. Weka toner (wino wa unga), umeme, drum (roli inayobandika toner kwenye karatasi) inayochakaa na kopi zinazoharibika, unafika kama 35. Kopi nauza 50. Faida ni shilingi 15. Ili kopi zilipe pango peke yake nahitaji kopi 10,000 kwa mwezi, yaani rimu 20. Mimi sizifikishi, nasema ukweli. Kinachonilipia fremu ni kuchapa barua, picha za pasipoti na laminesheni. Kopi ni ya kumwingiza mtu mlangoni.

Bi Mkubwa wa Ng'ong'ona

Mkuu, kopi 10,000 huku jirani na UDOM zinafika, tena zinapita. Shida yetu ni kalenda. Chuo kikifunga, njia yote inakuwa kimya na kodi inaendelea kusoma. Anayetaka kuja huku apange kodi ya miezi ya likizo mapema, aiweke pembeni kama sehemu ya mtaji. Nimeona vijana wanafungua mwezi wa tano kwa sababu msimu wa ripoti umechanganya, wanapiga hela nzuri wiki chache, mwezi wa nane wanauza mashine.

Gharama ya pili ni daftari la madeni. Mwanafunzi anakuja saa nne usiku, ripoti kurasa sitini na kitu, kesho asubuhi ndiyo mwisho wa kukusanya. Anakwambia, "Mama, bumu likitoka nakuletea," yaani hela ya mkopo wa chuo. Utamkatalia? Wengine wanaleta kweli, na shukrani juu. Wengine wanabadilisha njia ya kupita. Mimi sasa kopi sikopeshi, spiral nakopesha kwa ninayemjua chumba chake.

Ya tatu, flashi. Flashi moja yenye virusi inageuza mafolda yote kuwa shotikati, mteja anaamini wewe ndiye umemfutia kazi. Tenga kompyuta moja ya kupokelea flashi. Kazi nyingi siku hizi pokea kwa WhatsApp au barua pepe, na hapo bando linaingia kwenye gharama za kila siku.

Kibaba, Manyoni

Huku wilayani usihangaike na kopi za mtu mmoja mmoja. Nilitafuta Riso iliyotumika, mashine ya kurudufu, nachapa mitihani ya shule. Nakala moja ukiizalisha mara mia mbili, Riso inaiacha mbali mashine ya kopi, kwa sababu gharama yake kubwa ni ile master ya mwanzo, yaani karatasi maalumu inayobeba nakala ya kurudufia, baada ya hapo ni wino kidogo na karatasi. Kwa nakala tano ni hasara. Ubaya wake, shule zinalipa zinapotaka.

Fundi wa Majengo

Mimi natengeneza hizi mashine, naomba niseme yale ambayo muuzaji hasemi.

Kwanza, kabla hujatoa hela, mwambie aiwashe na abonyeze kitufe cha kaunta. Namba itakayokuja ni idadi ya kurasa ambazo mashine imeshatoa tangu izaliwe. Mashine inang'aa nje, ndani imeshatoa kurasa laki kadhaa huko ilikotoka. Halafu piga kopi ya karatasi tupu, halafu ya ukurasa mweusi. Ukiona mstari unaojirudia kwa nafasi ileile, drum inakudai. Ukikwaruza maandishi kwa kucha yakatoka unga, tatizo liko kwenye fyuza, sehemu ya moto inayogandisha toner kwenye karatasi.

Pili, usafiri. Anayenunua Kariakoo atoe toner kabla haijapakiwa na aisafirishe ikiwa wima. Nimefungua mashine iliyolazwa kwenye buti la basi kutoka Dar, toner yote imemwagika ndani hadi kwenye gia. Mwenye mashine alilipa usafishaji kabla hajauza hata kopi moja.

Tatu, vumbi la Dodoma. Kiangazi upepo ukianza, fremu zinazotazama barabara ya vumbi ndizo zinanilisha mimi. Vumbi linakaa kwenye roli za kuvuta karatasi, zinaanza kuteleza, mashine inavuta mbili mbili au haivuti kabisa. Likikaa kwenye kioo cha skana unapata mstari mweusi kila kopi. Dawa ni za bei ndogo: mlango wa kioo au pazia, kitambaa cha kufunika mashine ikishapoa, kufuta roli kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Mvua zikianza Desemba tatizo linageuka, karatasi zinanyonya unyevu na kukwama. Rimu isikae sakafuni, na ukiifungua usiiache wazi usiku.

Nne, umeme. Usichomeke mashine ya leza kwenye UPS ndogo ya kompyuta, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika. Fyuza ikianza kupasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS inalia na kuzima, au inakufa. UPS ni ya kompyuta, mashine ya kopi itafutie stabilaiza inayoiweza. Kwenye LUKU ya kawaida 10,000 inakupa uniti 28 hivi, na kama mita ni yako peke yako kodi ya jengo 1,500 inakatwa humo kila mwezi.

Mzee wa Rimu

Fundi, hiyo ya UPS ungeisema miaka miwili iliyopita.

Dada wa Nzuguni

Nilianza na meza, kompyuta na printa moja, bila mashine kubwa, na niliweka uwakala wa pesa pembeni. Nachoishi nacho ni maombi ya mtandaoni: Ajira Portal, NIDA, uhakiki wa vyeti RITA, na dirisha la Bodi ya Mikopo likifunguliwa ndiyo mavuno yangu. Mzazi anakuja na mtoto, unajaza, unaprinti fomu, wanaenda serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo, wanarudi uskani upandishe. Mteja mmoja anakulipa mara tatu.

Kuhusu mtaji, kuna ile mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, haina riba. Inataka kikundi na inataka subira. Msiende kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kununulia mashine. Rejesho la kila siku na faida ya shilingi 15 kwa kopi haviwezi kukaa nyumba moja.

Mgeni, Singida

Shikamooni wakubwa. Nina 1,200,000 tu, fremu ni ya mjomba, silipi. Naweza kuanza na hizi printa za wino wa chupa, inayokopi na kuskani?

Dada wa Nzuguni

Marahaba. Kama pango hulipi umeshatuzidi wengi humu. Anza. Fomu, barua, picha za pasipoti, laminesheni ya vitambulisho. Akija mtu wa kopi mia tatu mpeleke kwa jirani mwenye mashine kubwa, mkubaliane kamisheni.

Fundi wa Majengo

Wino nunua halisi, ule wa kupimiwa kwenye chupa za maji unaziba hedi, yaani kichwa kinachotoa wino. Kila siku toa hata ukurasa mmoja wa rangi wino usikauke. Halafu kuna pedi ndani inayokusanya wino wa kusafishia hedi. Ikijaa, printa inagoma, taa zinawaka zote na watu wanadhani imekufa. Haijafa, inabadilishwa pedi na kaunta yake inarudishwa sifuri. Mtu akikwambia ununue printa mpya kwa tatizo hilo, ondoka na printa yako.