Waliofanyiwa upasuaji wa diski za shingo: kuunga pingili au diski bandia? Tupeane uzoefu

Mama Kijichi: Leo kwenye daladala nimeona kijana kavaa kola ya shingo, yangu yote yakarudi. Diski ya C5-C6, ile kati ya pingili ya tano na ya sita ya shingo, ilibana mshipa wa fahamu, mkono unawaka kuanzia begani hadi kidole gumba. Usiku nalala nimekaa, mkono kichwani, ndipo napata nafuu. Dawa, mazoezi tiba, wapi! Wakaniunga pingili: wanapasua mbele ya shingo, wanatoa diski, wanaweka kipande cha kushikilia nafasi na sahani ya chuma yenye skrubu. Nazinduka, mkono kimya. Ila koo! Uji haupiti, sauti imekauka, na hakuna aliyenionya. Ilirudi taratibu. Wenye diski bandia, semeni.

fundi_chuma: Hilo koo nalijua.

Dereva Singida: Mimi niliwekewa diski bandia, India. Shingo inageuka, naendesha lori. Dada zangu msiunge, pingili za jirani zinabebeshwa mzigo nazo zichakae.

Nesi wa Zamu: Kaka, usitishe watu. Si kila aliyeungwa yanamkuta hayo. Na bandia haimfai mwenye mifupa dhaifu au viungo vya nyuma ya pingili vilivyolika.

Dereva Singida: Wewe umepasuliwa?

Nesi wa Zamu: Nimewauguza.

Binti Mzee: Baba alikuwa anadondosha vikombe, vifungo vya shati vinamshinda, anayumba akitembea. Tukaambiwa uzee. Siku moja kinyozi kamaliza kunyoa, akamnyonga shingo kushoto, kulia, kama wanavyofanya. Baba hakuinuka tena kwenye kile kiti. Miguu haina habari. Kipimo cha picha cha MRI kikaonyesha uti wa mgongo umebanwa shingoni sehemu kadhaa. Walimpasulia nyuma ya shingo kuupa nafasi. Anatembea kwa fimbo, mkojo bado unamsumbua.

kibo255: Mungu wangu! Na mimi hunyongwa kila Jumamosi!

fundi_chuma: Vinyozi wapigwe marufuku.

Mzee Pwani: Pole binti. Mimi mafuta ya nyonyo tu, nimepona.

Nesi wa Zamu: Mzee wangu, maumivu ya mkono peke yake kwa wengi hupoa bila kisu. Ukianza kudondosha vitu, kuyumba, mkojo kugoma, usisubiri mafuta. Na mnaoungwa acheni sigara, mfupa hauungi vizuri.

Mama Kijichi: Dereva, bima ilikulipia?

Dereva Singida: Upasuaji walilipa, kifaa hapana. Tuliuza kiwanja. Ulizia hilo mapema, dada.