Kiinua mgongo cha mwanajeshi aliyekufa kazini: ni mirathi, au ni cha aliowalisha?

Mleta mada, Lamu:
Ndugu zangu wa Amu na Malindi, tulizungumze hili kabla halijamfika mwingine. Jirani yangu hapa Langoni ni mjane wa mwanajeshi aliyeuawa na bomu la kutegwa barabarani, upande wa msitu wa Boni. Alikaa eda miezi minne na siku kumi. Wiki aliyotoka edani, mashemeji wakaja kuuliza pesa. Wanataka zigawanywe kisharia: baba sudusi (sehemu moja ya sita), mama sudusi, mke thumuni (moja ya nane), watoto kilichobaki. Yeye anajibu kwamba hizi marehemu hakuziacha. Zimekuja kwa sababu amekufa.

Mimi niko na mjane. Mshahara uliosalia, akiba ya benki, kiwanja, hayo ni mirathi na Suratun Nisaa imeshakata maneno. Lakini fedha inayotolewa kwa ajili ya kifo hakuimiliki hata siku moja. Masheikh wenyewe wanahitilafiana. Chukua mfano wa milioni moja: thumuni ni shilingi 125,000. Ataishi nazo miezi mingapi?

Mchangiaji, Malindi:
Bwana, hesabu yako umeikata nusu. Toa sudusi mbili na thumuni, watoto, wakiwamo wa kiume, wanabakiwa na 541,667. Hao si wanawe? Mbona unasema kama kwamba wazazi wanakula vyote?

Mama wa Faza:
Mimi nina mwana jeshini. Kabla ya kuoa ndiye aliyenijengea, na dawa zangu za presha ananunua yeye hadi leo. Akifa (Mungu amweke) nitaambiwa mimi ni mgeni? Aliyemlea miaka ishirini na aliyeolewa juzi, nani aliyemtegemea zaidi?

Mleta mada:
Ndugu wa Malindi, umenisahihisha kwa haki, hesabu ile niliiacha pungufu. Hofu yangu hasa ni hili: fungu la watoto atalishika nani? Ami yao anataka liwekwe mkononi mwake mpaka wakue. Mkubwa ana miaka minne.

Na mama, swali lako ni zito, silikwepi. Ndiyo maana nasema mwanajeshi mwenyewe aandike angali hai. Januari 5, 2020, Al-Shabaab waliposhambulia kambi ya Manda hapa kwetu, walikufa Wamarekani watatu, mmoja wao mwanajeshi. Kwa sheria ya kwao, familia ya mwanajeshi hupewa dola 100,000, naye huchagua mapema nani apewe asilimia ngapi. Mwenye mke akimwandikia mtu mwingine, mke hujulishwa. Hilo la kujulishwa ndilo ningelipigania hapa. Mwanao angekuandikia mama yake fungu, mke akajua, na siku ya msiba pasiwe na wa kushangaa.

Mchangiaji, Malindi:
Na wasioandika? Vijana hawapendi kuandika habari ya kufa kwao.

Mleta mada:
Hapo wende kwa kadhi, lakini Katiba inataka wote wawe Waislamu na wote wakubali kusimama mbele yake. Mjane wetu amekubali, mashemeji bado. Pesa ziko benki, hazijaguswa, na karo ya chekechea haijalipwa. Aliyewahi kumaliza jambo kama hili kwa kadhi atueleze ilivyokwenda.