Naomba ushauri: kujifunza kupiga udi nikiwa mtu mzima mwenye watoto

Ndugu zangu, mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Unguja, na nimeanza kujifunza kupiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, bila msingi wowote wa muziki, isipokuwa mapenzi ya taarabu asilia niliyokulia nayo nyumbani.

Ugumu wangu mkubwa uko katika mkono wa kushoto. Kwa kuwa shingo ya udi haina vigawanyo kama vya gitaa, kidole kikisogea kidogo tu sauti hupotoka, na katika maqam (mifumo ya sauti ya muziki wa Kiarabu) kama Rast na Bayati, zenye sauti zinazoangukia katikati ya noti za kinanda, sikio langu bado halitambui mahali sahihi. Mwalimu hunitaka nisikilize, niimbe, kisha ndipo nipige. Naiamini njia hiyo, lakini inahitaji utulivu ambao mzazi huupata usiku, watoto wakiwa wamelala, wakati ambapo risha, yaani kipande cha kupigia nyuzi, haiwezi kupigwa kwa nguvu.

Kwa wale mlioanza udi au fidla mkiwa watu wazima, je, vipindi vifupi vya kila siku vinafaa kuliko kipindi kirefu cha mwisho wa juma? Je, nikibandika alama shingoni mwa udi kwa muda, zitachelewesha sikio kukomaa? Aidha, binti yangu wa miaka tisa ameanza kuomba kuushika, nami ningependa kujua kama tunaweza kujifunza pamoja kwa ala moja ya ukubwa wa kawaida, ilhali mkono wake bado ni mdogo.