Kompyuta ya mezani ndani ya lori la safari ndefu: umeme niutoe wapi, na niifungeje isitikisike?

Kichwa_na_Tela
Wakuu, heshima kwenu. Gari ni kichwa cha volti 24, kabini ina kitanda kimoja, ruti Dar–Tunduma–Lusaka. Foleni ya mpakani ikikolea gari linalala palepale. Nataka kufunga kompyuta ya mezani, siyo laptopu: hesabu za mzigo, kuhariri video, gemu kidogo. Mashine ipo tayari, Dell OptiPlex 7010 SFF (ile ya kasha dogo) na monita ya inchi 22. Muuzaji mmoja Kariakoo ananiambia nibebe inveta (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ya wati 1000, nichomeke kwenye soketi ya sigara, kazi imeisha. Fundi wa pili anasema nichukue volti 12 kwenye betri moja, nitumie inveta ya gari dogo. Nimsikilize nani? Na matuta ya Mikumi je, mashine itavumilia?

Volti28
Mkuu, wote wawili waache.

Soketi ya sigara kwenye malori mengi ina fyuzi ya ampea 10 au 15. Ampea 10 kwa volti 24 ni wati 240 tu, na ule mguso wa springi hupata moto mapema hata kabla fyuzi haijakatika. Inveta ya wati 1000 pale ni kutafuta kuyeyusha plastiki ya dashibodi.

Huyo wa betri moja ndiye atakayekugharimu zaidi. Betri zako mbili zimeungwa mfuatano na alternata inazichaji zote kama kitu kimoja, kwenye volti 28 hivi. Ukinyonya moja tu, hiyo inabaki chini siku zote na mwenzake anapandishwa kupita kiasi hadi maji yanachemka. Mwisho wake zinakufa zote mbili. Kama kuna kifaa cha volti 12 lazima ukitumie (ruta ya intaneti, kwa mfano), nunua konveta ya 24 kwenda 12 ya ampea 5, ingizo lake lichukue zote mbili.

Sasa hesabu. OptiPlex hiyo kwa kazi za kawaida inakula wati 30 hadi 40, monita wati 20 hadi 25, ruta chini ya 10. Weka jumla 70. Ukiongeza upotevu wa inveta, betri inatoa kama wati 82, yaani ampea 3.4. Saa sita ni Ah (ampea-saa) 20. Betri mbili za Ah 180 zilizoungwa mfuatano zinabaki Ah 180, hazigeuki 360, kosa hilo nalisikia kila siku. Ah 20 kwa betri nzima siyo tatizo. Lakini ukileta mashine ya gemu ya wati 350, ni ampea 17, na kwa saa sita umemaliza zaidi ya nusu ya betri. Asubuhi unatafuta mtu wa kukushtua.

Inveta: volti 24, wati 600 za kudumu (siyo zile za kilele zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi), pyua sainwevu, yaani yenye wimbi laini kama la umeme wa nyumbani. Powa saplai nyingi za kisasa hazipatani na modifaidi, zile za wimbi la ngazi. Zinanguruma, zinapata joto, nyingine zinagoma kuwaka. Usikimbilie wati 1000 wala 2000. Inveta kubwa ikikaa bure bila mzigo nayo inakula karibu ampea moja usiku kucha.

Waya: utoe kwenye nguzo chanya ya nje ya seti ya betri, milimita mraba 10, shaba halisi. Kutoka sanduku la betri hadi kabini ni kama mita 5, kwenda na kurudi mita 10. Kwa ampea 30 unapoteza nusu volti. Ukitumia ule wa milimita mraba 2.5 unapoteza volti 2 na inveta italia betri imeisha wakati imejaa. Fyuzi ya ampea 40 ikae ndani ya sentimita 30 kutoka nguzo ya betri. Ikikaa upande wa kabini, waya ukichubuka kwenye chasisi hakuna cha kuukata, unaungua wote.

Jambo ambalo mafundi wa magari madogo hawalijui: kabini inalala mbele unapokagua injini. Waya upite pamoja na mkungu wa waya za kiwandani, penye bawaba uache kitanzi. Ukiuvuta ukanyooka, siku ya kwanza kabini ikilazwa unakatika.

Halafu usitegemee kengele ya inveta. Nyingi zinalia kwenye volti 21 na kuzima kwenye 20. Hapo stata haigeuki tena. Weka rilei ya kukata kwa volti (swichi inayokata umeme yenyewe betri ikishuka), uiseti ikate kwenye 24.2 na irudishe kwenye 26, maana 26 huipati mpaka injini iwake. Na zima kompyuta kabla ya kupiga stata, volti zinaanguka ghafla na mashine inajizima vibaya.

PlaiwudiNaBolti
Volti28 kamaliza upande wa umeme. Mimi nina pingamizi dogo: kwa nini SFF? OptiPlex ya Micro inatumia adapta ya volti 19.5, unaiweka nyuma ya monita, nafasi ya kitanda inabaki. Ila Dell ana pini ya katikati inayotambua adapta. Ukimpa konveta ya kawaida ya 24 kwenda 19.5, atawaka lakini ataandika kwamba hajui adapta na kupunguza kasi ya prosesa. Kwa hiyo hata Micro, mpe adapta yake halisi kupitia inveta.

Kama unabaki na SFF, anza kwa kutoa diski ngumu (hard disk) ya kuzunguka. Kichwa chake kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Mashine ikiwa imewaka na gari likaruka tuta, kinagonga. Weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Kama kuna grafiksi kadi, ile ya kimo kifupi (low profile) ndiyo inaingia, na ifungwe na skrubu yake, siyo kibano cha plastiki peke yake. RAM ikianza kuleta milio ya kuwaka, usikimbilie kununua: ichomoe, sugua meno kwa raba ya penseli, irudishe. Mtikisiko ndio unaoilegeza.

Kasha lilaze, mazabodi iwe sambamba na sakafu. Kata plaiwudi ya milimita 18, ifunge kwenye fremu ya kitanda kwa bolti za M8 zenye nati za nailoni (nati za kawaida zinafunguka zenyewe kabla ya Morogoro). Kati ya kasha na plaiwudi weka vipande vya mpira mgumu vya milimita 10, viwe vinne. Sponji hapana: inaziba matundu na inaliacha kasha likiyumba. Juu pitisha mikanda miwili ya racheti, uikaze kidogo tu. Hii siyo mapambo, kabini ikilazwa kasha lisilofungwa linashukia kioo cha mbele.

OptiPlex inavuta hewa mbele na kuitoa nyuma. Acha sentimita 8 nyuma, na usilifungie kwenye droo ya chini ya kitanda. Mbele funika kwa soksi ya nailoni, uifue kila ukirudi Dar. Ukipiga blowa ndani, shika feni kwa kijiti isizunguke.

Monita: ng'oa stendi, tumia matundu manne ya nyuma. Inchi 22 nyingi ni milimita 100 kwa 100, skrubu za M4. Zisizidi urefu unaotakiwa, zitapenya hadi kwenye paneli. Ifunge ukuta wa nyuma wa kitanda, kamwe isikae eneo la kioo cha mbele.

Tanki_Mbili
Mkuu hujasema unabeba nini. Kama ni mafuta, hayo yote ya juu yasimame kwanza. Kwenye tenka swichi kuu ndiyo ya kukata umeme wa betri, na waya wa inveta uliopita moja kwa moja kwenye betri unaikwepa. Inveta nyingi zina rilei, na rilei inaweza kutoa cheche. Ukiingia kupakia kwenye maghala ya mafuta ya Kurasini au Kigamboni wakikagua, unarudishwa getini, na wana haki.

Kichwa_na_Tela
Ni kontena, mizigo mikavu. Rilei ya volti nikiikosa Kariakoo, inveta yenyewe haina sehemu ya kuseti?

Volti28
Chache zinayo, fungua kitabu chake uangalie kabla hujalipa. Ukikosa kabisa, weka voltimita ndogo ya kidijiti pembeni ya monita na uzime kwa mkono ikifika 24.4. Isome voltimita wakati kompyuta imewaka, siyo baada ya kuzima. Na hakikisha kasha la inveta limeungwa kwenye mwili wa gari kwa waya wa milimita mraba 6.