Nimeambiwa nisaini daftari la ukaguzi wakati kava la msumeno liko stoo (Mafinga)

KaraniWaMbao

Kamwene wakuu. Mimi ni karani kwenye kiwanda kidogo cha mbao hapa Mafinga. Nahesabu magogo yanayoingia na mbao zinazotoka. Tunapasua misindano, yaani miti ya paini. Tuna dingdong moja, ile mashine ya kupasulia magogo, na meza moja ya msumeno wa mviringo ya kurekebishia saizi, na vyote vinazungushwa na injini ya dizeli. Vibarua wanafika ishirini siku ikichangamka, na wanalipwa kwa ubao.

Suala langu ni kava la ule msumeno wa meza. Linakaa stoo, nyuma ya madumu ya oili. Ikisikika kwamba wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wako wilayani kwetu Mufindi, linafungwa. Wakiondoka, linafunguliwa kabla ya chai ya saa nne. Mkanda wa injini ndio hauna kava kabisa, na vijana wanapita hapo hapo pembeni wamebeba mabanzi, yale mabaki ya pembeni mwa gogo. Mnaijua baridi yetu ya Juni na Julai, kila mtu ana koti la mtumba linaloning'inia na skafu shingoni. Wakiinama karibu na ule mkanda natamani kupiga kelele.

Juzi bosi kanipa barua ya kuwa mwakilishi wa usalama na afya. Wiki hiyo hiyo akaniletea daftari la ukaguzi wa mashine. Kurasa za miezi iliyopita ziko tupu, anataka nisaini zote kwamba kinga zilikuwepo. Sijasaini, nimemwomba muda nisome. Huyu mzee amenitendea wema, msiba wa baba alisimama nami, kwa hiyo simtafutii ubaya. Lakini kijana anayesukuma mbao pale mezani ni wa kijijini kwetu, mama yake ndiye aliyeniomba nimtafutie kazi. Siwezi kuandika kwamba kava lipo wakati naona mkono wake unapita wapi.

Nikikataa, sheria inanilinda? Na kuna namna ya kufanya kava libaki mahali pake bila kugombana na bosi?

MnoaMisumeno

Kamwene kijana wangu. Usisaini.

Nimenoa misumeno kabla dingdong hazijajaa huku kwetu, na makava ya stoo nimeyakuta sehemu nyingi kuanzia Makambako hadi Sao Hill. Watu husema vijana ni wakaidi. Mimi nasema kava lenyewe ni baya: limechomelewa kwa unene mmoja wa mbao. Ukija ubao mnene linakwama, na kijana analipwa kwa ubao, kwa hiyo anachukua spana. Ukilirudisha kwa amri, kesho litafunguliwa tena. Lipeleke kwa mchomeleaji alitie bawaba, lipande na kushuka kufuata unene wa mbao. Hapo halimcheleweshi mtu.

Sasa nenda kaangalie kitu kingine. Nyuma ya msumeno kuna kipande cha chuma kilichosimama wima? Meza nyingi hazina. Msindano una mvutano ndani yake, hasa ule uliovunwa ukiwa mchanga. Ukishaupasua, pande mbili zinajipinda na kuubana msumeno. Meno ya nyuma yanapanda kutoka chini kwenda juu, basi yanaunyanyua ubao na kuurusha kwa anayesukuma. Hicho chuma ndicho kinachozuia pande zisibane. Kiwe kinene kidogo kuliko bapa la msumeno, lakini chembamba kuliko njia inayokatwa na meno, na kisikae mbali na meno zaidi ya milimita 8 usawa wa meza.

Na glavu. Wamiliki wananunua glavu wakidhani wamemaliza. Glavu ni za kubebea magogo na mabanzi. Mbele ya msumeno unaozunguka usivae, jino likikamata kitambaa linavuta mkono mzima. Msukumaji mpe kijiti cha kusukumia, hata cha banzi kinatosha. Makoti yafungwe vifungo, skafu ziingie ndani ya shati, na ule mkanda uzungushiwe wavu wa chuma wiki hii hii.

TukuyuMvua

Mkuu, kazi ni ngumu kupatikana. Mimi ningesaini halafu niendelee kumbembeleza bosi taratibu. Ukikataa ataletwa karani mwingine na atasaini.

MamaWawili_Njombe

Naomba nimjibu huyo aliyesema asaini. Mume wangu alikatwa vidole viwili kwenye msumeno wa meza. Kava halikuwepo siku ile wala wiki ile. Tulipokwenda kuulizia haki yake tukaonyeshwa daftari, limesainiwa vizuri, kava lipo, na juu yake ikaandikwa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa. Aliyesaini alikuwa jirani yetu, tunasali naye. Mume wangu aliumia kwa lile daftari kuliko alivyoumia kwa vidole. Na tulirudi nyumbani kimya, tukaamini kwamba kwa kuwa imeandikwa ni kosa lake, hakuna fidia.

Dada_Uyole

Pole sana mama. Mimi ni afisa rasilimali watu hapa Mbeya. Hapo mlidanganywa. Fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haisubiri kwanza ijulikane nani mzembe. Inatazama kama mtu ameumia akiwa kazini. Kibarua naye yumo. Mchango analipa mwajiri peke yake, mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata shilingi. Ila taarifa ina muda: miezi 12 tangu ajali. Kama bado uko ndani ya muda huo, nenda ofisi yao hata kesho na karatasi za hospitali.

Kaka karani, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, inataka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne awe na mwakilishi. Kazi ya mwakilishi ni kukagua na kusema alichokiona. Jukumu la kuweka kinga linabaki kwa mwajiri, barua yako haikuhamishii wewe. Kurasa za nyuma ziache tupu. Andika tarehe ya leo, andika mashine ipi haina nini, saini, mpe bosi nakala na wewe baki na yako. Akikuachisha kazi kwa sababu hiyo, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA.

Kwa kuwa bosi wako ni mtu mwema, mweleze pia kwamba mkaguzi ana mamlaka ya kusimamisha mashine hatari papo hapo. Na kama anaogopa gharama za kujisajili OSHA, ada ya usajili wa mahali pa kazi iliondolewa 2018.

KaraniWaMbao

Asanteni sana. Mama, pole, nimesoma maneno yako mara nyingi.

Nimeandika ukurasa wa leo kama dada alivyosema, nikampelekea bosi pamoja na maelezo ya mzee kuhusu bawaba. Alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akauliza bei ya mchomeleaji. Nimemwomba meza isimame mpaka kava lirudi. Amekubali ya meza, kwa mkanda anasema tungoje mwisho wa mwezi, nami nimemwambia hiyo siikubali. Kesho naanza na wavu. Mzee, kile chuma cha nyuma nikichongeshe kwa chuma gani?

MnoaMisumeno

Bapa la msumeno mkuukuu uliochakaa linafaa, mradi unene ukubali. Pima unene wa bapa la huo unaotumika na upana wa njia ya meno, uniandikie hapa kabla hujampa mchomeleaji pesa.