Boti za kuangalia nyangumi Norwei: ziwekewe kikomo au ziachwe?

Mtanga wa Tromsø
Wadau, naomba mawazo. Giza limeshaingia huku kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi tangu mwisho wa Novemba, na kila asubuhi boti zinatoka kwenda maeneo ya Skjervøy na Kvænangen kutafuta orka (nyangumi muuaji, mweusi na mweupe) na nyangumi wenye nundu. Nyangumi wanafuata samaki aina ya heringi, ambao wakati wa baridi hujazana ndani ya fjodi, yaani ghuba ndefu nyembamba zinazoingia nchi kavu. Zamani walikuwa Kaldfjord, jirani kabisa na mjini, baadaye heringi wakasogea kaskazini na biashara ikawafuata.
Mimi naona imezidi. Kundi moja la orka liko kwenye kula, boti kubwa zimelizunguka, boti za mpira zinakatiza mbele, halafu watu wanaruka majini. Nataka boti zihesabiwe kwa kila kundi na kuogelea kupigwe marufuku. Angalau huku ukisogelea wavuvi walio kazini kuna sheria ya kukubana. Si kama Kizimkazi, kule kusini mwa Unguja, pomboo anafukuzwa kama kibaka.

Binti Mvita
Marufuku ya jumla siungi mkono. Nenda Andenes, huko huko Norwei, uone. Pale kilindi kiko karibu na nchi kavu, nyangumi wanaokula ngisi wanakuja hadi karibu, na nahodha anazima injini, anashusha kinasa sauti majini kusikiliza mibofyo yao ndipo ajue pa kwenda. Hiyo kazi imefanyika tangu miaka ya themanini na nyangumi bado wapo. Tatizo ni msongamano wa fjodini, usiwabebeshe wote.

Nahodha Mkunguni
Kama KIBAKA? Ndugu yangu wa Tromsø, mie nimezaliwa Kizimkazi, baba yangu mvuvi, na nyama ya pomboo niliiona ikitumika chambo cha papa. Mpaka miaka ya tisini watu walikuwa wakiwaua. Walioacha ni sisi wenyewe, kwa sababu mgeni akimtazama pomboo leo, kesho pomboo yule yule yupo. Leo unatuita wezi?

Mtanga wa Tromsø
Sijamwita mtu mwizi. Nimesema pomboo anafukuzwa, na anafukuzwa. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walikaa na hao pomboo wakaona boti zikizidi wanapumzika kidogo na kuhangaika zaidi. Bisha na wao.

Nahodha Mkunguni
Hao watafiti nimewapakia kwenye boti yangu. Je, walikwambia pia wangapi wanafia kwenye jarife, zile nyavu za wavuvi? Hakuna anayelifungulia mjadala jarife, maana halina picha nzuri.

Kaka Moshi
Mnawatetea Wanorwei bure. Hao hao wanawinda. Walianza tena uwindaji wa biashara 1993, wakati uwindaji huo ulishasimamishwa kimataifa tangu 1986. Kiwango walichojipangia 2024 kilikuwa nyangumi 1,157 wa aina ile ndogo. Mgeni anaangalia nyangumi mchana, usiku anamkuta kwenye sahani. Hapo Kizimkazi ndiyo imewazidi utu.

Binti Mvita
Kaka Moshi, kiwango si idadi waliyoua, huwa hawakifikii. Na wanaowindwa ni minke, hao hao wa aina ndogo. Orka na wenye nundu hawaguswi. Tusichanganye.

Kaka Moshi
Minke si nyangumi? Damu yake ina rangi nyingine?

Pwani_254
Hao wenye nundu si ndio wanapita Watamu Julai mpaka Oktoba? Basi Norwei wakiwasumbua hasara inatufikia na sisi.

Binti Mvita
Hapana. Wa Watamu na Zanzibar wanatoka Antaktika, wanakuja kuzaa. Wa Norwei wanashuka kuzaa Karibi.

Mtanga wa Tromsø
Narudi kwenye swali: boti ngapi kwa kundi moja?

Msafiri wa Seattle
Huku jimbo la Washington tumelijibu hilo kwa ukali. Tangu Januari 2025 boti yoyote, ya biashara au ya mtu binafsi, lazima ikae yadi 1,000 kutoka kwa orka wa kusini, wale wanaokula samoni aina ya chinook. Wamebaki kama sabini na kitu. Samoni wamepungua, na kelele za injini zinawaziba masikio wakiwa kwenye kuwinda kwa sauti. Kampuni hazikufa, zinapeleka watu kwa orka wengine wanaokula sili, hao ni wengi na sheria hiyo haiwahusu. Inawezekana.

Nahodha Mkunguni
Inawezekana kwa sababu huko kuna boti ya serikali inayokamata. Mie nikizima mashine mita mia mbili, jirani yangu anapita na wageni wake moja kwa moja juu ya pomboo, na wageni wangu wananiuliza kwa nini wao hawaogelei. Wakirudi hotelini wanaandika kuwa nahodha mvivu. Wiki inayofuata hoteli inampigia jirani.

Mtanga wa Tromsø
Hata huku ni hivyo hivyo. Mtu amelipa hela nyingi, anataka kumshika.

Nahodha Mkunguni
Basi kwa nini umetutaja sisi peke yetu?

Mtanga wa Tromsø
Kwa sababu kwetu ndiko kunakoniuma. Kuna bibi yangu Makunduchi, hapo jirani yako. Sitaki siku moja nije na wanangu niambiwe pomboo wamehamia kwingine.

Kaka Moshi
Waache kula nyangumi kwanza.

Bi Zuhura
Kaka Moshi, hilo umeshasema. Nahodha, mimi nina swali la kazi. Mkikutana boti kumi kwa kundi moja asubuhi, mna utaratibu wa zamu? Nani anaingia, nani anasubiri, kwa dakika ngapi?

Nahodha Mkunguni
Tulikubaliana kwa mdomo. Anayewahi anaanza. Anayechelewa hasubiri.

Bi Zuhura
Na mkiandikiana, mwenye boti akikiuka anafungiwa siku tatu gatini, wenzako watasaini?

Nahodha Mkunguni
Wenye boti wa kijijini, wengi watasaini. Hawa wanaoletwa na hoteli kutoka mbali, hapana. Hao ndio nataka mwenye bibi Makunduchi anisaidie kuwabana.